Mpimaji analipwa na serikali, mkimbiaji analipwa na serikali. Nani atamkamata nani?

#1 Sipi_Juu (saa 1:20 usiku)

Wakuu salaam. Nina kibanda cha chai na chapati hapa Kapchorwa mjini. Nafungua saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wakimbiaji hupita mapema. Leo bado giza, gari dogo limesimama mbele yangu, wakashuka mwanamume na mwanamke, kila mmoja na begi begani, wakauliza njia ya kambi moja. Hawakuagiza hata maji. Nikawaelekeza, wakaondoka. Wateja wangu wakaanza papo hapo: hao ni wapimaji wa dawa za kuongeza nguvu michezoni, wamemfuata nani?

Ubishi wao uliishia kwenye jambo ambalo limenikaa kichwani mchana kutwa. Wakimbiaji wetu wengi wakubwa ni watumishi wa serikali. Wako Polisi, Magereza, jeshini. Cheptegei ni afisa wa polisi. Kiprotich aliposhinda marathoni ya Olimpiki London 2012, Rais alimpa shilingi milioni 200 na Magereza wakampandisha cheo. Siku ile nililia, na sijutii machozi yangu. Simtuhumu yeyote hapa.

Ila shirika letu la taifa la kupambana na dawa nalo linategemea fedha ya serikali. Sasa siku mpimaji akikuta chupa chafu ya mtu ambaye jana alipeana mkono na wakubwa Ikulu, faili hiyo itatembea au italala? Nauliza kwa moyo wangu wote, maana vijana hawa nawamwagia chai kila siku.

#2 Kikuubo_Jumla (saa 1:41 usiku)

Swali zito ssebo. Mimi jibu langu liko Urusi. Kule hakuhongwa mpimaji mmoja, ilikuwa wizara yenyewe. Mkuu wa maabara ya Moscow, Grigory Rodchenkov, alieleza mwaka 2016 walivyofanya kwenye Olimpiki ya Sochi 2014. Ukuta wa maabara ulitobolewa tundu karibu na sakafu. Usiku, chupa za mkojo mchafu zinapitishwa upande wa pili, watu wa usalama wa FSB wanazifungua chupa ambazo dunia iliaminishwa hazifunguki. Mkojo unamwagwa, unajazwa mwingine safi wa mtu yuleyule, uliogandishwa miezi ya nyuma, kisha chupa inarudi kwenye tundu. Wakati mwingine waliongeza chumvi ili vipimo vilingane. Na naibu waziri wa michezo ndiye aliyekuwa akiamua nani aokolewe na nani aachwe.

Ndiyo maana WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, waliifungia Urusi miaka minne na waziri Mutko akafungiwa Olimpiki maisha. Dola kubwa lilifanya hayo. Sisi tuna kinga gani?

#3 Bwana_Takwimu (saa 1:58 usiku)

Kikuubo, ya tundu ni sahihi, yamo kwenye ripoti mbili za mchunguzi Richard McLaren, Julai na Desemba 2016. Alitaja wanamichezo zaidi ya 1,000 katika michezo zaidi ya 30. Ila mawili nayarekebisha.

Miaka minne ilitolewa Desemba 2019, na kosa lilikuwa jingine: data za maabara ya Moscow zilichezewa kabla ya WADA kukabidhiwa Januari 2019. Desemba 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaipunguza adhabu kuwa miaka miwili. Na kile kifungo cha maisha cha Mutko, CAS ilikifuta 2019.

Kwa hiyo hata walipokamatwa, mwisho wake haukuwa mzito kama watu wanavyosimulia.

#4 Jirani_wa_Iten (saa 2:10 usiku)

Hamjambo ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka wa Suam. Nyinyi mnauliza kama itatokea, sisi Kenya tumeishi ndani yake.

Novemba 2015 maofisa watatu wa juu wa shirikisho letu la riadha walisimamishwa na IAAF, shirikisho la riadha la dunia, ikichunguzwa tuhuma kwamba walivuruga upimaji. Mwaka uliofuata WADA walitutaka tuwe na sheria. Rais Uhuru akaisaini Aprili 2016, Mei WADA wakasema haikidhi, ikarudishwa Bungeni kurekebishwa, tukarudi kwenye mstari Agosti, Olimpiki ya Rio ikibisha hodi. Nchi nzima ilikuwa inahema.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Mwisho wa 2022, tulipokaribia kufungiwa kabisa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ya kupambana na pufya. Wapimaji wakaongezeka, wanaokamatwa wakaongezeka. Kwa hiyo mimi simwogopi waziri anayetoa pesa. Namwogopa anayesema hana.

#5 Kijana_wa_Bukwo (saa 2:13 usiku)

Pufya ndiyo nini jirani? Hapa Bukwo tukisikia pufya tunadhani ni kitu cha kuvimbisha mandazi 😂

#6 Jirani_wa_Iten (saa 2:15 usiku)

Ndiyo neno letu la redioni, kijana. Dawa za kututumua misuli. Na kweli inavimbisha.

#7 Mwanasheria_Jinja (saa 2:37 usiku)

Naomba tutenganishe mambo, maana tunachanganya mikono miwili tofauti.

Mkono wa kwanza ni ule wa Moscow: amri inatoka juu na ushahidi unaharibiwa. Ujerumani Mashariki walikuwa nao miaka mingi kabla. Maabara yao ya Kreischa iliwapima wanamichezo kabla ya safari, na ambaye mkojo wake haujasafika alibaki nyumbani, watu wakaambiwa ameumia.

Mkono wa pili hauandiki amri. Unanyima bajeti. Jamaica, kabla ya London 2012, shirika lao lilifanya kipimo kimoja tu nje ya mashindano kuanzia Februari hadi Olimpiki inaanza. Aliyefichua ni Renee Anne Shirley, aliyekuwa mtendaji mkuu wa shirika hilohilo, mwaka 2013. Nigeria nao walipoteza wanariadha 10 kwenye Olimpiki ya Tokyo, walizuiwa kushindana kwa sababu hawakupimwa mara tatu bila taarifa ndani ya miezi kumi kama kanuni inavyowataka. Wale vijana hawakunywa kitu. Walikuwa Tokyo tayari, wakabeba mabango ya kulalamika barabarani.

Kanuni za Dunia za kupambana na dawa zilizoanza kutumika 2021 zinasema shirika la taifa lazima lijitegemee katika maamuzi ya kazi, serikali isiingilie wala mashirikisho yasiingilie. Hazikatazi serikali kulipa. Sipi_Juu, hapo ndipo jibu lako lilipo: swali ni nani anashika orodha ya watakaopimwa kesho. Anayelipa anakuja baadaye.

#8 Mama_Arua (saa 2:52 usiku)

Wanangu, mnazungumza kama WADA ni malaika. Na wao wanapata nusu ya fedha kwa serikali na nusu kwa upande wa Olimpiki. Kwenye fungu la serikali, Afrika yote tunatoa asilimia 0.5, Ulaya 47.5. Rais wao wa sasa, Witold Bańka, alikuwa waziri wa michezo wa Poland kabla ya kukalia kiti hicho. Hiyo siyo siasa?

Na China? Waogeleaji 23 walikutwa na dawa ya moyo, trimetazidini, Januari 2021. Wachina wakasema imetoka jikoni hotelini, na waliochunguza jiko hilo ni wizara ya usalama wa umma! WADA wakakubali. Dunia ikajua Aprili 2024 kwa magazeti. Angekuwa binti yetu wa hapa Vurra, kama Inzikuru wetu aliyeleta dhahabu ya dunia Helsinki 2005, nani angemsikiliza akisema dawa ilikuwa kwenye sufuria?

#9 Bwana_Takwimu (saa 3:01 usiku)

Mama, asilimia zako ziko sawa. Ongeza na hili: mwendesha mashtaka wa Uswisi, Eric Cottier, aliitwa kuchunguza akasema hakuona WADA wakiipendelea China. Wamarekani hawakuridhika, wakazuia mchango wao wa mwaka 2024, zaidi ya dola milioni 3.6. Ukitafuta siasa kwenye mkasa huo utaikuta pande zote tatu.

#10 Kikuubo_Jumla (saa 3:04 usiku)

Bwana Takwimu ana mafaili nyumbani kuliko wizara.

#11 Afande_Mstaafu (saa 3:20 usiku)

Nimesoma yote kwa utulivu. Nimevaa sare miaka 27 na nimesimamia timu ya riadha ya kikosi. Sikubali kwamba sare ndiyo tatizo. Bila sare, hao vijana wangekuwa wapi? Mtoto wa Kween asiye na ajenti wala viatu, kikosi kinampa posho, kitanda, daktari na muda wa kukimbia. Kiprotich na wengine wengi hawakubebwa na kampuni za viatu mwanzoni.

Na kamanda gani anataka aibu ya mkimbiaji wake kufungiwa? Mimi niliwaambia vijana wangu: ukikutwa na kitu, usije ofisini kwangu na machozi.

#12 Kiatu_Kimoja (saa 3:48 usiku)

Afande, kwa heshima zote. Nimekuwa nikisoma tu humu miaka miwili bila kuandika. Leo naandika.

Nilikimbia timu ya kikosi kimoja, sitakitaja, na wahusika wengine bado wako kazini. Mita 5,000. Sikuwa nyota, nilikuwa yule anayevuta mbio mpaka kilomita ya tatu kisha anapitwa. Wiki moja kabla ya mchujo wa taifa, saa mbili usiku, ofisa mmoja alikuja kambini na pikipiki. Tulikuwa tunakula posho, yaani ugali, na maharage. Alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, akasoma majina manne. La tatu lilikuwa langu. Akasema: "Nyinyi mna likizo ya siku tatu, ondokeni kabla ya saa tisa usiku." Hakuna aliyeomba likizo.

Tukaondoka. Teksi ya usiku mpaka Mbale, tukanywa chai stendi mpaka kulipokucha. Mmoja wetu alikuwa binti, alilia njia nzima, akainamisha uso kwenye begi. Hatukumwuliza. Alfajiri ileile wapimaji walifika kambini, wakawapima waliobaki, wakaondoka.

Mimi sijawahi kumeza kitu. Namwapia Mungu. Na mpaka leo sijui nilikuwa namfichia nani. Labda wale wengine watatu nao wanafikiri hivyohivyo kuhusu mimi.

#13 Sipi_Juu (saa 3:55 usiku)

Kaka. Pole. Nimesoma mara mbili.

#14 Kijana_wa_Bukwo (saa 3:57 usiku)

Kwa nini hukukataa?

#15 Kiatu_Kimoja (saa 4:02 usiku)

Kijana, ukiwa kuruta wa mwaka wa pili, mshahara wako unalisha watu tisa nyumbani, afande anasoma jina lako. Unauliza saa ngapi. Huulizi kwa nini.

#16 Afande_Mstaafu (saa 4:15 usiku)

Kiatu, nakuamini. Sina sababu ya kutokuamini. Ila niruhusu niseme nilichokiona mimi kwenye kazi: jambo kama hilo mara nyingi halitoki kwa mkubwa. Linatoka kwa mtu wa katikati anayetaka medali ili apate cheo. Mtu ndani ya upimaji amevujisha habari, huyu wa katikati ameinunua au ameombwa, akajifanya amri imetoka juu. Hiyo ni rushwa ya wadogo. Ukiita siasa, mkubwa ataitikia kwa kukanusha, na yule wa katikati ataendelea kulala usingizi.

#17 Jirani_wa_Iten (saa 4:22 usiku)

Afande ana hoja. Asbel Kiprop, bingwa wetu wa mita 1,500, aliambiwa kabla kwamba wapimaji wanakuja, Novemba 2017. AIU, kitengo cha uadilifu wa riadha duniani, wenyewe walikiri kwamba inaonekana mpimaji alimjulisha, wakasema wamesikitika sana. Bado EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, ikaonekana, akafungiwa miaka minne. Aliyempa taarifa hakuwa waziri. Alikuwa mtu wa mkoba na vichupa.

#18 Mwanasheria_Jinja (saa 4:40 usiku)

Napingana nanyi wote wawili kidogo. Huyo wa katikati anapata wapi ujasiri? Anaupata kwa sababu anajua akikamatwa, mkubwa wake atamlinda, na mkubwa atamlinda kwa sababu medali inapigwa picha Ikulu. Hakuna anayehitaji kutoa amri. Mti mzima umeinama upande mmoja, matunda yanaangukia hukohuko.

#19 Mama_Arua (saa 4:44 usiku)

Hapo umenena mwanangu.

#20 Nesi_Mbale (saa 5:06 usiku)

Samahani kuwachelewa, nimetoka zamu. Mimi naona mnapanda mlima mrefu wakati mto uko hapa chini.

Wengi wanaokamatwa huku kwetu hawajawahi kukutana na waziri. Wanakutana na duka la dawa. Binti mmoja alikuja zahanati ninayofanya kazi, miguu imevimba, mwenzangu akaandika furosemidi, ile ya kukojoza. Nilipoona viatu vyake vya spaiki vimening'inia kwenye begi nikauliza, "Unakimbia?" Akasema ndiyo, Jumamosi nina mbio Kampala. Furosemidi imekatazwa wakati wote, kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Tulibadilisha matibabu. Angemeza, angefungiwa, na humu mngesema kambi yao imeoza.

Tramadoli imekatazwa mashindanoni tangu Januari 2024. Sindano za steroidi za goti pia haziruhusiwi wakati wa mashindano, isipokuwa ukiwa na kibali cha matibabu. Nani amewaambia vijana? Nani amewaambia manesi wenzangu? Mimi nilijisomea mwenyewe kwenye simu.

Kwa hiyo hoja yangu: ujinga unaua wengi kuliko siasa.

#21 Kijana_wa_Bukwo (saa 5:11 usiku)

Nesi asante sana. Na ile mitishamba ya wazee wetu ya kutoka msituni?

#22 Nesi_Mbale (saa 5:14 usiku)

Siwezi kukwambia iko salama wala haiko salama, haina karatasi ya kuonyesha kilichomo. Kanuni inasema chochote kikikutwa mwilini mwako ni chako. Kwa hiyo ukiwa unapimwa, iache.

#23 Kikuubo_Jumla (saa 5:20 usiku)

Nesi, heshima yako. Ila ujinga wa nani? Kama wizara ya mtu haijatuma hata karatasi moja zahanati, huo ujinga umetengenezwa. Tunarudi palepale kwenye bajeti ya #7.

#24 Jirani_wa_Iten (saa 11:50 alfajiri)

Nimeamka kukimbia nikakuta uzi umenenepa. Kidogo nje ya mada: mmesahau Kololo 2017? Mbio za nyika za dunia, Kampala imefurika, Cheptegei wenu anaongoza mpaka mzunguko wa mwisho, miguu ikagoma, akamaliza wa 30. Kamworor wetu akachukua. Bado anawasalimu.

#25 Kijana_wa_Bukwo (saa 12:03 asubuhi)

Na sisi tunamsalimu kwa 26:43.14 ya Paris 2024, dhahabu ya mita 10,000, rekodi ya Olimpiki. Soma polepole jirani.

#26 Sipi_Juu (saa 12:30 asubuhi)

😂 Na ndiyo hasa ninachokitetea. Siku ile ya Kololo hakuna aliyesema Cheptegei ametumia kitu, maana tulimwona akibomoka mbele yetu kama binadamu. Nataka siku akishinda pia asiwepo wa kusema. Bila upimaji unaoaminika, kila dhahabu yetu itabebwa na neno "labda". Hilo linaniuma kuliko kufungiwa.

#27 Bwana_Takwimu (saa 2:15 asubuhi)

Kuna mkasa mmoja haujatajwa na ndio unaounganisha rushwa ya Afande na siasa ya Mwanasheria. Lamine Diack wa Senegal, rais wa IAAF 1999 hadi 2015. Mahakama ya Paris ilimtia hatiani Septemba 2020: faini euro 500,000 na kifungo cha miaka minne, miwili kati yake ya kusimamishwa. Alichukua fedha kuzuia kesi za wanariadha wa Urusi zisisonge. Mmoja wao, mkimbiaji wa marathoni Liliya Shobukhova, alilipa euro 450,000.

Fedha nyingine ilikuwa ya nini? Diack aliwaambia wapelelezi wa Ufaransa kwamba aliwaomba Warusi euro milioni 1.5 za kusaidia kampeni ya upinzani nyumbani Senegal. Yaani mkojo wa mtu Moscow umegeuka mabango ya uchaguzi Dakar.

#28 Mama_Arua (saa 2:31 asubuhi)

Upinzani! Kwa hiyo siyo serikali peke yake. Mungu wangu.

#29 Afande_Mstaafu (saa 2:50 asubuhi)

Kwa hiyo Diack ni mwizi aliyejua siasa, au mwanasiasa aliyeiba? Hata hapo mtagombana.

#30 Mwanasheria_Jinja (saa 4:05 asubuhi)

Nimerudi kwenye #12 ya Kiatu usiku mzima. Kuna kitu kimenitisha na nataka wote mkione.

Urusi walijulikana kwa sababu kulikuwa na chupa. Vifuniko vilikutwa na mikwaruzo. Chumvi ilizidi kiwango cha mwili wa binadamu. Data zilipofutwa, ufutaji wenyewe uliacha alama. Sampuli zinaweza kutunzwa miaka kumi na kupimwa upya mashine zikiboreka, na wengi wa London 2012 walinaswa hivyo miaka baadaye. Mfumo mzima unategemea kwamba mkojo uliingia chupani.

Usiku wa Kiatu hakuna chupa iliyojazwa. Hakuna kifuniko, hakuna data. Vijana wanne walikunywa chai stendi Mbale. Mchunguzi aje leo na mashine zote za dunia, atapima nini?

#31 Kiatu_Kimoja (saa 4:40 asubuhi)

Mwanasheria, umesema kitu ambacho nilikuwa nakihisi bila maneno.

Niliwahi kupimwa mara moja kihalali, mbio za barabarani nje ya nchi. Nataka wasiowahi waelewe. Unatembea na mtu wa jinsia yako mpaka chooni, hakuachi hata sekunde. Unanawa kwa maji. Suruali mpaka magotini, shati mpaka kifuani, anatazama. Ni fedheha, lakini ya haki. Kisha unachagua mwenyewe boksi moja kati ya kadhaa. Unamimina kwa mkono wako kwenye chupa mbili, B kwanza halafu A. Ukifunga kifuniko kinalia tik, tik, tik, na hakirudi nyuma. Unapindua chupa kuona kama inavuja. Unasoma namba kwa sauti, anaandika. Unataja dawa ulizotumia siku saba zilizopita.

Nilitoka pale nikiwa wa 14, lakini nilihisi mimi ni mwanariadha wa kweli. Mtu alikuwa amenichukulia kwa uzito. Ofisa wa pikipiki alininyang'anya hilo. Angeniacha nipimwe, ningekuwa na karatasi ya kusema mimi ni safi. Sasa nina nini?

#32 Nesi_Mbale (saa 5:02 asubuhi)

Hili sikulifikiria. Nilisema siasa ni mlima wa mbali. Nabaki na hoja yangu ya maduka ya dawa, lakini hapa nanyamaza.

#33 Afande_Mstaafu (saa 5:30 asubuhi)

Kiatu. Kwenye kikosi changu, kama lilitokea mimi nikiwa pale bila kujua, naomba radhi. Na kama nilijua mtu kama huyo na nikanyamaza, naomba radhi mara mbili. Bado nasema sare si adui.

#34 Jirani_wa_Iten (saa 6:10 mchana)

Kaka Kiatu, si lazima kuwe na chupa. WADA wana mfumo wa watoa taarifa, unaitwa Speak Up, upo tangu 2017. AIU nao wana fomu yao mtandaoni. Unaweza kuficha jina. Ofisi zote mbili ziko mbali na Kampala na mbali na Nairobi, na kwa jambo hili umbali ni faida. Urusi nayo ilianza hivyo: mume na mke, Vitaly na Yuliya Stepanov, waliamua kusema, televisheni ya ARD ya Ujerumani ikarusha Desemba 2014. Tundu la ukutani lilikuja kujulikana baadaye.

#35 Kikuubo_Jumla (saa 6:18 mchana)

Na hao mume na mke waliishi wapi baada ya kusema? Walihama nchi. Tusimsukume mtu kwenye mto kwa sababu sisi tuko ukingoni.

#36 Mama_Arua (saa 6:25 mchana)

Kweli. Kiatu mwanangu, usifanye kwa ajili yetu.

#37 Kijana_wa_Bukwo (saa 7:40 mchana)

Mimi nina miaka 19, nakimbia, nimeitwa kwenye majaribio ya kujiunga na timu ya kikosi mwezi ujao. Mama ameshafurahi, amewaambia majirani. Sasa nikiingia na usiku mmoja nikasomewa jina, nifanyeje? Nauliza kweli, si utani kama jana.

#38 Mwanasheria_Jinja (saa 7:58 mchana)

Andika. Tarehe, saa, nani alisema, nani alikuwepo. Usiku uleule, kwenye daftari, si kwenye simu ya kikosi. Mengine tutaona.

#39 Afande_Mstaafu (saa 8:05 mchana)

Na nitafute kwa ujumbe wa faragha kabla hujaripoti kikosini. Nitakuambia maswali ya kuuliza siku ya kwanza.

#40 Sipi_Juu (saa 9:45 alasiri)

Wale wapimaji wa jana walirudi kupitia kwangu wakiwa njiani kushuka. Safari hii walikunywa chai. Sikuwauliza kitu. Yule mama alikuwa na kisanduku cha ubaridi miguuni, amekiwekea mguu mmoja juu muda wote, hata alipokuwa akitoa pesa.

#41 Kiatu_Kimoja (saa 2:30 usiku)

Nimeifungua ile fomu ya #34. Inauliza tarehe. Mwaka naujua, na nakumbuka ilikuwa wiki ya kupalilia mahindi mara ya pili, kwa sababu nilipofika nyumbani kwa "likizo" baba alinipa jembe. Siku yenyewe siikumbuki. Yule binti alikuwa anaandika daftari la mazoezi kila jioni, hakuacha hata siku moja. Nimepata namba yake kwa dada yake. Imeita mara mbili haijapokewa. Nitajaribu tena kesho baada ya misa.